UZI: Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi, na majina aliyoitwa kwa Kilatini

Kalamu ya Wino (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Maelezo mengi mafupi kuhusu miungu ya Warumi humaliza habari za Juno kwa sentensi moja: ni mke wa Jupiter, ndiye Hera wa Wagiriki, na kazi yake ni ndoa. Sentensi hiyo haina uongo, lakini imeacha jambo ambalo Mrumi mwenyewe angelianza nalo, yaani kwamba Juno hakuombwa kwa jina moja. Bibi harusi alimwita kwa jina moja, mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa jina jingine, na mji ulipokuwa vitani ukamwita kwa jina la tatu. Warumi waliogopa kumwomba mungu kwa jina lisilomfaa, kiasi kwamba baadhi ya sala zao ziliongeza maneno ya tahadhari baada ya kutaja jina: "au kwa jina lingine lolote upendalo kuitwa". Kwa hiyo majina ya Juno hayakuwa mapambo ya washairi. Anayeyafuata kwa mpangilio huiona ndoa ya Kirumi hatua kwa hatua, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Jina lenyewe kwa Kilatini ni Iuno, kwa kuwa Warumi hawakuwa na herufi J ya peke yake. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa karne ya 1 KK, alilihusisha na kitenzi iuvare, kusaidia. Wataalamu wengi wa leo huliweka karibu zaidi na iuvenis, kijana, kwa maana ya nguvu za ujana zinazoendeleza kizazi, na mimi naona maelezo haya ya pili yana uzito zaidi, kwa sababu majina yake ya ndoa karibu yote yanaelekea kwenye uzazi.

Sasa tuingie harusini. Jina la msingi ni Iuga, linalotokana na iugum, nira. Mume na mke waliitwa coniuges, watu waliotiwa nira moja, na ndoa ikaitwa coniugium. Festus, mwandishi wa kamusi wa karne ya 2 BK aliyefupisha kazi ya Verrius Flaccus wa enzi za Augustus, anaeleza kwamba mtaa wa Vicus Iugarius, uliopita chini ya kilima cha Capitolium kuelekea Forum, uwanja mkuu wa mji, ulipata jina lake kwa sababu palikuwa na madhabahu ya Juno Iuga, ambaye watu waliamini kwamba ndiye anayeunganisha ndoa.

Jina lililopata umaarufu mkubwa zaidi ni Pronuba. Kabla ya kuwa jina la mungu, pronuba alikuwa mwanamke wa kawaida, mtu mzima, ambaye alikuwa ameolewa mara moja tu. Kazi yake ilikuwa kumwongoza bibi harusi, na kwa mapokeo ndiye aliyeikutanisha mikono ya kuume ya maarusi. Juno Pronuba alifanya mbinguni kile ambacho mwanamke huyo alikifanya ukumbini. Virgil, aliyefariki mwaka 19 KK, alilitumia jina hili mahali pa kuhuzunisha kuliko pote katika utenzi wake, Aeneid. Dido, malkia wa Carthage, na Aeneas, shujaa wa utenzi huo, wanakimbilia pango moja wakati wa dhoruba. Dunia na Juno Pronuba wanatoa ishara, radi zinamulika, na vilele vya mlima vinajaa sauti za wasichana wa kiungu. Kila kitu cha harusi kipo kwa namna ya kutisha: mienge ni radi, na vigelegele vinatoka kwa viumbe wasio binadamu. Kinachokosekana ni watu, yaani mashahidi, wazee na maneno ya kukubaliana. Dido anaiita ndoa, na Aeneas baadaye anasema kwamba hakuwahi kuwasha mienge ya harusi. Msomaji wa Kirumi aliyeona neno pronuba pale alijua mara moja jinsi ndoa ile ilivyokuwa nusu.

Baada ya karamu ulifuata msafara wa jioni wa kumpeleka bibi harusi kwa mumewe. Hapo Juno aliitwa Iterduca, anayeongoza njiani, na Domiduca, anayefikisha nyumbani. Walipofika mlangoni, bibi harusi alizungushia miimo sufu na kuipaka mafuta, na Pliny Mkubwa anataja kwamba watu wa kale walipendelea shahamu ya mbwa mwitu kwa kazi hiyo, ili kuzuia uchawi usiingie. Juno wa tendo hilo ni Unxia, kutokana na ungere, kupaka mafuta, na wako Warumi waliodai kwamba hata neno uxor, mke, lilitoka hapo, ingawa dai hilo wanaisimu wa leo hawalikubali. Kisha bibi harusi alibebwa kuvuka kizingiti ili asijikwae.

Ndani ya chumba jina lilibadilika tena. Bibi harusi alikuwa amefungwa mshipi wa sufu kwa fundo lililoitwa fundo la Hercules, na mume ndiye aliyelifungua. Festus anasema jina la Juno Cinxia lilikuwa takatifu katika harusi kwa sababu mwanzo wa maisha ya ndoa ni kufunguliwa kwa mshipi huo, na kwamba Hercules alitajwa kwa kuwa aliacha watoto 70, basi mume naye ajaliwe uzao.

Nimalizie sehemu hii kwa hukumu yangu ili tujadiliane. Majina haya hayana uzito sawa. Majina yake mengine, Lucina, Regina, Moneta na Sospita, ambayo sijayaeleza hapa, yana mahekalu yenye miaka na mahali panapojulikana, na Iuga ana madhabahu na mtaa. Domiduca, Iterduca, Unxia na Cinxia yametufikia kupitia waandishi tu, na wengine kati yao walikuwa Wakristo waliokuwa wakiyapinga. Orodha za mtandaoni huyachanganya yote kana kwamba kila mtaa wa Roma ulikuwa na hekalu la Unxia, na jambo hilo linanisumbua.

Bahari Tulivu

Mkuu, asante kwa uzi uliotulia. Nina swali moja. Mtakatifu Augustino, katika Mji wa Mungu, anataja Iugatinus na Domiducus kama miungu ya kiume inayosimamia ndoa. Ikiwa ndivyo, je, Iuga na Domiduca ni Juno kweli, au ni miungu midogo iliyojitegemea na baadaye ikaunganishwa naye?

Kalamu ya Wino

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Augustino aliiandika kazi hiyo kuanzia mwaka 413 hadi 426 BK hivi, na katika kitabu cha 6 anaorodhesha Iugatinus wa kuunganisha, Domiducus wa kuleta nyumbani, Domitius wa kumweka bibi harusi ndani, Manturna wa kumfanya abaki, na wengine wa chumbani, kisha anauliza kwa ukali chumba cha maarusi kinajazwa miungu yote hiyo kwa nini. Habari hizo alizitoa kwa Varro, mwanachuoni wa karne ya 1 KK, ambaye kitabu chake cha mambo ya kale ya dini kimepotea isipokuwa vipande.

Msimamo wangu ni kwamba Mrumi hakuuona mpaka huo kama tunavyouona sisi. Kwake, tendo lilikuwa na nguvu yake ya kiungu, na nguvu hiyo ingeweza kutajwa peke yake au kutajwa kama upande mmoja wa mungu mkubwa. Ushahidi mzuri ni neno iuno lenyewe. Kama vile kila mwanamume alivyokuwa na genius wake, nguvu iliyozaliwa naye, kila mwanamke alikuwa na iuno wake, na aliiadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa kumtolea sadaka. Pliny alilalamika kwamba kwa mtindo huo idadi ya miungu imezidi idadi ya watu. Ikiwa kila mwanamke ana iuno wake, na bado kuna Juno mmoja Capitolium, basi si ajabu kuwepo Juno wa mlangoni na Juno wa mshipi bila mtu kuona mgongano.

Nuru ya Asubuhi

Naomba niongeze kuhusu Lucina, kwa sababu nadhani ndilo jina ambalo wanawake wa Roma walilitamka mara nyingi zaidi katika maisha halisi. Hekalu la Juno Lucina lilijengwa mwaka 375 KK katika kilima cha Esquiline, na sikukuu yake, Matronalia, iliangukia tarehe 1 Machi. Siku hiyo waume waliwapa wake zao zawadi na kuwaombea, na wake wenye nyumba waliwaandalia watumwa wao chakula. Jina lilielezwa kwa njia mbili tangu zamani, na mshairi Ovid anazitaja zote: ama lux, mwanga, kwa kuwa ndiye anayemtoa mtoto kwenye mwanga, ama lucus, kijisitu kitakatifu kilichokuwapo pale kabla ya hekalu.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya mafundo. Ovid anamwelekeza mwanamke mjamzito aziachie nywele zake kabla ya kumwomba Lucina, na mfafanuzi wa Virgil aitwaye Servius anasema haikuruhusiwa kukaribia ibada zake ukiwa na fundo lolote. Ukilisoma hili pamoja na Cinxia ambaye mtoa mada amemtaja, utaona kwamba ni wazo moja linaloendelea: siku ya harusi fundo moja linafunguliwa na mume, na siku ya kuzaa mwanamke anafungua yote ili naye afunguke salama. Wakati ambapo uzazi uliua wanawake wengi, sala hiyo haikuwa jambo la desturi tu. Katika michezo ya kuigiza ya Terence, msichana aliye katika uchungu husikika akilia kutoka ndani ya nyumba, "Juno Lucina, nisaidie".

Mwandani

Je, pronuba huyo ni kama somo wetu wa pwani, yule anayemfunda mwari na kuwa naye hadi siku ya harusi?

Kalamu ya Wino

Dada Nuru ya Asubuhi, mchango wako umeunganisha Cinxia na Lucina vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Niongeze jambo dogo tu: mwanahistoria Dionysius wa Halicarnassus anasimulia kwamba mfalme Servius Tullius aliagiza ndugu wa kila mtoto anayezaliwa walipe sarafu katika hazina ya mungu huyo, ili idadi ya waliozaliwa mjini ijulikane. Kwa hiyo katika mapokeo Lucina alihusishwa pia na kuandikisha vizazi.

Ndugu Mwandani, wanakaribiana kwa nafasi ya mwanamke mtu mzima aliye kando ya bibi harusi, lakini wanatofautiana kwa kazi. Somo hufunda, tena kwa muda, na uhusiano wake na mwari hudumu. Pronuba alichaguliwa kwa historia yake mwenyewe ya kuolewa mara moja, ili ndoa mpya ifuate mfano wake, na kazi yake ilikuwa ya siku ya harusi.

Kuna sheria moja ya kale ambayo Warumi waliihusisha na mfalme Numa, inayoonyesha jinsi walivyomwona Juno kuwa mlinzi wa mke halali. Mwandishi Aulus Gellius ameinukuu: mwanamke anayeishi na mwanamume mwenye mke asiguse hekalu la Juno, akiligusa, aachie nywele zake na kumchinjia Juno mwanakondoo jike. Sheria hii ni kali kwa upande mmoja, kwa maana haimtaji mwanamume hata kidogo.

Jiwe la Msingi

Mimi nimesoma kwamba Juno aliitwa pia Viriplaca, kwa sababu aliwapatanisha wanandoa waliogombana. Kwa nini umemwacha?

Kalamu ya Wino

Nimemwacha kwa makusudi, mkuu. Habari za Viriplaca zinatoka kwa Valerius Maximus, mwandishi wa wakati wa mfalme Tiberius. Anasema kwamba palikuwa na kijihekalu chake katika kilima cha Palatium, na mume na mke waliokosana walikwenda pale, wakasema kwa zamu yaliyokuwa moyoni, kisha wakarudi nyumbani wakiwa wamepatana. Ni habari nzuri sana, lakini Valerius anamwita mungu wa kike Viriplaca, basi, hamwiti Juno. Waliomfanya kuwa Juno ni watu wa baadaye. Nisingependa kuongeza jina kwenye orodha kwa sababu tu linapendeza. Tazama pia jina lake linavyosema, kwamba anayetulizwa ni vir, mwanamume.

Bahari Tulivu

Tusaidie basi kuhusu Moneta. Lugha kadhaa za Ulaya zimepata neno la fedha kutoka kwake. Inakuwaje mungu wa ndoa asimamie sarafu?

Kalamu ya Wino

Hekalu la Juno Moneta liliahidiwa na Lucius Furius Camillus vitani, likawekwa wakfu tarehe 1 Juni mwaka 344 KK juu ya Arx, kilele cha kaskazini cha Capitolium. Baadaye mafundi wa kufua sarafu za Roma walifanyia kazi huko, na ndiyo maana moneta likageuka kuwa jina la sarafu. Kiitaliano kinalo hadi leo, na monnaie ya Kifaransa na money ya Kiingereza zimetoka humo. Kwa hiyo fedha iliingia katika habari za Juno kwa sababu ya mahali. Warumi wenyewe walilitoa jina hilo kwenye monere, kuonya. Cicero anasimulia kwamba baada ya tetemeko la ardhi ilisikika sauti kutoka hekaluni ikiagiza ichinjwe nguruwe mwenye mimba. Watu wengi huongeza kisa cha mabata bukini wa Juno waliopiga kelele na kuiokoa Capitolium dhidi ya Wagauli mwaka 390 KK, lakini mwanahistoria Livy anapokisimulia halitaji jina la Moneta, na hekalu hilo lilijengwa zaidi ya miaka 40 baadaye.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba kumwita Juno mungu wa ndoa peke yake ni kumpunguza. Mwaka 396 KK Warumi walipouteka mji wa Veii wa Waetruski, walimwomba Juno Regina, Juno Malkia, auache mji ule na kuhamia kwao. Livy anasimulia kwamba vijana waliooga na kuvaa nguo nyeupe waliingia hekaluni kwa heshima, mmoja akaiuliza sanamu kama ingependa kwenda Roma, na wenzake wakapaza sauti kwamba imeitikia kwa kichwa. Hekalu lake la kilima cha Aventine liliwekwa wakfu mwaka 392 KK. Kule Lanuvium, kusini mwa Roma, aliitwa Sospita, Mwokozi, na Cicero anaieleza sanamu yake: amevaa ngozi ya mbuzi, ana mkuki na ngao ndogo, na viatu vyake vimepinda ncha kuelekea juu. Ni yule yule anayefungua mshipi wa bibi harusi. Kwa Warumi hapakuwa na mkanganyiko, kwa sababu ndoa halali ndiyo iliyozaa raia, na raia ndio waliokuwa mji.

Nuru ya Asubuhi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mwezi wa Juni una jina lake, na wengi husema kwamba ndiyo maana watu wa Ulaya walipenda kuoana mwezi huo. Je, Warumi walisema hivyo?

Kalamu ya Wino

Kwa sehemu, dada. Ovid anaanza kitabu cha 6 cha Fasti, shairi lake la kalenda ya Warumi, kwa mabishano ya miungu wa kike kuhusu asili ya jina Iunius: Juno anadai ni lake, Juventas anadai ni la vijana, Concordia anadai ni la kuunganika kwa mataifa mawili, na mshairi anakataa kuamua. Kisha anasema kwamba alipotafuta siku njema ya kumwoza binti yake, mke wa kuhani wa Jupiter alimshauri angoje hadi uchafu wa hekalu la Vesta uzolewe na kupelekwa mto Tiber, yaani tarehe 15. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya Juni haikuwa njema kwa harusi. Mwezi uliokatazwa waziwazi ulikuwa Mei, kwa ajili ya siku za Lemuria, siku za mizimu, na Ovid ananukuu msemo wa watu kwamba wabaya ndio wanaoolewa Mei.

Kuna jambo moja ambalo halijasemwa bado, nami sitaki uzi uende bila hilo. Tazameni ni nani waliotuhifadhia majina ya harusi. Arnobius, aliyeandika karibu mwaka 300 BK na kuwataja Unxia na Cinxia, alikuwa wa Sicca, ambayo leo ni El Kef nchini Tunisia. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, leo Annaba nchini Algeria. Martianus Capella wa karne ya 5, ambaye ndani ya kitabu chake bibi harusi Philologia anamwomba Juno akiyataja Iterduca, Domiduca, Unxia na Cinxia na kueleza kazi ya kila moja, alikuwa mtu wa Carthage. Wote ni watu wa Afrika ya Kaskazini, na Carthage ndio mji ambao Virgil anasema Juno aliupenda kuliko yote. Gaius Gracchus alipojaribu kuanzisha koloni pale mwaka 122 KK, aliiita Junonia, na chini ya utawala wa Warumi, Tanit, mungu wa kike wa watu wa Carthage, aliabudiwa kwa jina la Juno Caelestis, Juno wa Mbinguni.

Wa nne ni Apuleius wa Madauros, naye alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika riwaya yake ya karne ya 2, msichana Psyche, akiwa mjamzito na akikimbia hasira ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anaingia hekalu la Juno na kusali akiyapanga majina kama Mrumi alivyopaswa: anataja Carthage, anasema kwamba nchi zote za mashariki humwabudu kwa jina la Zygia, ambalo kwa Kigiriki ni la nira kama Iuga, na za magharibi humwita Lucina, kisha anaomba kwamba kwake yeye, katika shida ile, awe Juno Sospita. Kila jina limewekwa mahali pake. Juno anamtokea na kumwambia kwamba angependa kumsaidia, lakini Venus ni mke wa mwanawe, naye amempenda siku zote kama binti yake, na tena sheria zinakataza kumpokea mtumwa mtoro bila ridhaa ya bwana wake.

Hoja zaidi zinakaribishwa, hasa kutoka kwa aliyewahi kusoma Festus kwa Kilatini.